Mamlaka ya Maafisa Kukagua Meli, na Mipaka Yake

Hotuba ifuatayo yaeleza sheria zinazowapa maafisa wa Serikali ruhusa ya kuingia katika meli na kuikagua kwa ajili ya usalama. Inachapishwa hapa yote ili wasomaji wetu wa pwani na wa bara waifahamu.

Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya jambo ambalo watu wengi hulisikia kwa mbali tu. Jambo lenyewe ni mamlaka ya maafisa kuingia katika meli na kuikagua, ili wajue kama haina hatari. Natambua kwamba wengi wenu hamkai ufukoni. Yuko mkulima wa chai wa Kericho, yuko mfugaji wa Kajiado, yuko fundi wa Nairobi, na huenda kila mmoja akajiuliza, "Mambo ya meli yanihusu nini mimi?"

Jibu lake ni fupi. Petroli na dizeli zinazoendesha magari yetu huletwa kwa bahari. Sehemu kubwa ya ngano tunayokula huja kwa bahari, na mbolea nyingi tunayotia mashambani vivyo hivyo. Chai na kahawa tunazouza ng'ambo huondoka Kilindini kwa meli. Majirani zetu wa Uganda, Rwanda na Sudan Kusini, ambao hawana pwani, nao hupitisha mizigo mingi katika bandari hiyo hiyo. Basi meli ikizuiliwa siku nyingi pasipo sababu, hasara yake hufika dukani, hata kama duka hilo li mamia ya maili kutoka baharini. Na meli yenye silaha za magendo ikiachwa ipite bila kutazamwa, risasi zake huweza kulia mahali ambapo watu hawajapata kuiona bahari.

Hapo ndipo ulipo uzito wa maneno yangu. Afisa asipokuwa na nguvu ya kutosha, raia hudhurika. Na afisa akitumia nguvu kupita kiasi, raia hudhurika pia. Kwa sababu hiyo sheria imempa afisa mamlaka makubwa, kisha ikayawekea mipaka mitatu. Mpaka wa kwanza ni mahali: meli iko wapi? Wa pili ni sababu: afisa ameona au amesikia nini? Wa tatu ni fidia: akikosea, nani atalipa? Nitaieleza mipaka hiyo mmoja mmoja.

MELI NA BENDERA YAKE

Katika desturi zetu, mtu haingii katika nyumba ya mwenziwe kabla ya kupiga hodi na kukaribishwa. Sheria ya bahari yaitazama meli karibu kwa namna hiyo. Kila meli husajiliwa katika nchi moja na kupeperusha bendera ya nchi hiyo. Ikiwa katika bahari kuu, yaani maji yasiyo ya nchi yoyote, meli hiyo huwa chini ya amri ya nchi ya bendera yake peke yake. Wahenga walisema kwamba nahodha wengi, chombo huenda mrama. Na mataifa yaliona kwamba meli yenye watawala wengi haingeweza kusafiri kwa amani. Kwa hiyo meli inayotumia bendera mbili, ikibadilisha hii na ile kama inavyoipendeza, huweza kuhesabiwa kuwa haina taifa kabisa.

Mambo haya yameandikwa katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Sheria ya Bahari, uliotiwa sahihi huko Montego Bay, Jamaika, mwezi Desemba 1982, ukaanza kutumika mwezi Novemba 1994. Kenya iliuthibitisha mwaka 1989.

Lakini meli haikai katika bahari kuu siku zote. Hapana budi iingie bandarini kupakia na kupakua. Inapoingia bandarini huwa imeingia katika ua wa mwenyeji, na mwenyeji ana haki ya kumwuliza mgeni ametoka wapi, amechukua nini, na yu pamoja na nani.

JINSI SHERIA YA ULINZI ILIVYOANZA

Kwa miaka mingi wakaguzi wa bandari walishughulika hasa na uzima wa meli: kama ina mashua za kuokolea watu, kama bomba za kuzimia moto zafanya kazi, kama imepakiwa kupita kiasi. Mkataba wa kulinda maisha ya watu baharini uliandikwa kwanza mwaka 1914, baada ya meli Titanic kuzama mwaka 1912. Mkataba huo umeandikwa upya mara kadhaa, na ule unaotumika leo ni wa mwaka 1974. Hofu kubwa ya walioutunga ilikuwa ajali.

Baadaye ikaonekana kwamba iko hatari nyingine, nayo ni mtu mwenye nia mbaya. Mwezi Oktoba 1985, watu wenye silaha waliopanda kama abiria waliiteka meli ya Kitaliano iitwayo Achille Lauro karibu na pwani ya Misri. Wakamwua abiria mmoja, mzee wa Kimarekani aliyekuwa katika kiti cha magurudumu, wakamtupa baharini. Kwa sababu ya tendo hilo mataifa yalikutana Roma mwaka 1988, wakaandika mkataba wa kuyafanya matendo ya namna hiyo kuwa makosa ya jinai.

Kisha yakatokea mashambulio ya Marekani ya Septemba 2001. Mwaka uliofuata, mwezi Oktoba 2002, mashua iliyojaa baruti iliigonga meli ya mafuta ya Kifaransa, Limburg, karibu na pwani ya Yemen, baharia mmoja akafa na mafuta mengi yakamwagika. Mwezi Desemba mwaka huo huo wajumbe wa mataifa walikusanyika London, wakaongeza sura mpya katika ule mkataba wa 1974, pamoja na Kanuni za Kimataifa za Ulinzi wa Meli na Bandari. Sheria hizo zilianza kutumika tarehe 1 Julai 2004. Zinazihusu meli za abiria na meli za mizigo zenye ukubwa wa tani 500 na zaidi zinazosafiri baina ya nchi na nchi, pamoja na bandari zinazozipokea. Manowari hazimo.

AFISA AWEZA KUFANYA NINI BANDARINI?

Sasa natufuate kazi ya afisa hatua kwa hatua.

Hata kabla meli haijafika, Serikali yaweza kumtaka nahodha atoe habari fulani: kama ana cheti cha ulinzi, ulinzi wa meli yake uko katika daraja gani, na bandari kumi za mwisho alizozipitia zilikuwa katika hali gani ya ulinzi. Madaraja ya ulinzi ni matatu. La kwanza ni la siku zote. La pili ni la wakati ambapo hatari imezidi. La tatu ni la wakati ambapo hatari iko karibu sana. Meli haina ruhusa ya kuwa katika daraja la chini kuliko la bandari inayoingia.

Meli ikisha kufunga gati, afisa aliyepewa idhini na Serikali hupanda. Jambo lake la kwanza, na mara nyingi ndilo la mwisho, ni kutazama Cheti cha Kimataifa cha Ulinzi wa Meli. Cheti hiki hutolewa na nchi ya bendera au kwa niaba yake, na muda wake hauzidi miaka mitano. Ikiwa cheti ni halali na hapana jambo la kutia shaka, afisa yampasa akikubali. Hana ruhusa ya kuipekua meli nzima kwa kuwa tu hakupendezwa na nahodha, au kwa kuwa meli yatoka nchi asiyoipenda.

Huo ndio mpaka wa sababu. Ili afisa aendelee zaidi ya cheti, lazima awe na "sababu zilizo wazi" za kuamini kwamba meli haizifuati kanuni. Kanuni zenyewe zatoa mifano. Cheti kimepitwa na wakati. Vyombo vya ulinzi vina upungufu mkubwa. Imepokewa taarifa ya kuaminika au malalamiko. Nahodha na mabaharia wakiulizwa kazi zao za ulinzi, hawajui hata zile za lazima. Meli imepakia watu au shehena mahali ambapo ulinzi ulivunjwa, nayo haikufanya lolote kurekebisha.

Sababu kama hizo zikiwapo, mkono wa afisa hurefuka. Aweza kuikagua meli. Aweza kuichelewesha, au kuizuia isiondoke. Aweza kuipunguzia kazi, kwa mfano kuikataza isihame kutoka gati moja hadi jingine. Mwisho kabisa, Serikali yaweza kuifukuza bandarini, au kuikatalia kuingia ikiwa bado iko nje. Lakini adhabu hii ya mwisho haitumiki ovyo. Sharti ziwepo sababu zilizo wazi za kuamini kwamba meli hiyo ni hatari ya karibu kwa watu au mali, tena pawe hapana njia nyingine ya kuiondoa hatari hiyo. Na kila hatua lazima ilingane na kosa. Mlango uliokosa kufuli hautozwi adhabu ya bunduki iliyofichwa.

Hatua hizi zikichukuliwa, nchi ya bendera hupashwa habari bila kukawia. Ikiwa meli imefukuzwa au imekataliwa kuingia, bandari zinazofuata katika safari yake nazo zapasa kujulishwa, ili hatari isihamishwe kutoka kwa jirani mmoja hadi kwa mwingine.

HAKI NA WAJIBU WA NAHODHA

Pengine mtu atauliza, "Je, nahodha aweza kumkatalia mtu kupanda?" Ndiyo, aweza. Sheria yamwachia nahodha uamuzi wa mwisho katika mambo ya salama ya meli yake, na hata kampuni inayoimiliki haina haki ya kumzuia. Aweza kukataa abiria, aweza kukataa mzigo, aweza kumrudisha mgeni asiyejulikana. Lakini hana ruhusa ya kumkatalia afisa aliyethibitisha kwamba ametumwa na Serikali kwa halali. Kwa hiyo kitambulisho cha afisa ni kitu kikubwa. Afisa asiyeonyesha kitambulisho asikasirike akizuiwa pale juu ya ngazi, maana baharia aliyemzuia ametimiza kazi yake.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Kila meli inayofuata kanuni hizi ina mpango wake wa ulinzi ulioandikwa: nani analinda mlango upi, na nini kifanyike wakati wa hatari. Maandishi hayo ni ya siri, kwa kuwa yakiangukia mikononi mwa mwovu yatamfundisha pa kuingilia. Hata afisa mkaguzi hana haki ya kuyasoma kwa jumla. Ikiwa ana sababu zilizo wazi, na hapana njia nyingine ya kuhakikisha, aweza kuonyeshwa zile sehemu tu zinazohusika na upungufu wenyewe, kwa idhini ya nahodha au ya nchi ya bendera. Tena ziko sehemu nyingine za siri zaidi ambazo idhini ya nahodha peke yake haitoshi.

Isitoshe, ulinzi hautoi ruhusa ya kuwasahau wanadamu. Baharia mgonjwa anayehitaji daktari, au mtu aliye katika hatari ya kufa, asizuiwe kusaidiwa kwa kisingizio cha ukaguzi. Na meli ikicheleweshwa au ikizuiliwa kupita kiasi bila haki, ina haki ya kudai fidia kwa hasara iliyopata. Huo ndio mpaka wa tatu niliousema.

MAMLAKA NJE YA BANDARI

Natoke sasa bandarini twende baharini, maana huko mpaka wa mahali huonekana vizuri zaidi.

Kutoka ufukoni hadi maili 12 za baharini, yaani karibu kilomita 22, ni maji ya nchi. Hapo sheria ya nchi yatawala, ila meli ya kigeni ina haki ya kupita kwa amani pasipo kusumbuliwa. Ikiwa yapita tu, maafisa wa nchi ya pwani wasiingie ndani yake kumkamata mtu kwa kosa lililofanyika humo, isipokuwa kosa hilo linaidhuru nchi ya pwani au kuvuruga amani yake, au nahodha au balozi wa nchi ya bendera ameomba msaada, au ni kazi ya kuzuia biashara ya dawa za kulevya.

Kutoka hapo hadi maili 200 ni eneo la uchumi. Humo nchi ya pwani ina haki juu ya samaki na mali nyingine za baharini. Maafisa wake waweza kusimamisha chombo cha uvuvi, kukipanda, kukikagua na kukipeleka mahakamani. Lakini chombo na watu wake wapasa kuachiliwa upesi baada ya kutoa dhamana ya kiasi; na adhabu ya kuvua bila haki isiwe kifungo, ila kama nchi zinazohusika zimepatana hivyo.

Chombo kikivunja sheria na kukimbia, maafisa waweza kukifuata mpaka bahari kuu. Hata hivyo ufuatiaji huo una masharti. Lazima uanze chombo kikiwa bado katika eneo la nchi. Lazima amri ya kusimama itolewe kwa ishara inayoonekana au kusikika kutoka mahali ambapo chombo chaweza kuiona au kuisikia. Lazima usikatike. Na chombo kikisha kuingia katika maji ya nchi yake au ya nchi nyingine, ufuatiaji umekwisha.

Katika bahari kuu yenyewe, manowari au chombo cha Serikali kilichoidhinishwa na chenye alama wazi chaweza kuipanda meli ya kigeni kwa sababu chache tu: ikishukiwa kwa uharamia, au kwa biashara ya watumwa, au kwa kutangaza redio bila idhini, au ikiwa haina taifa, au ikiwa ni ya taifa lile lile la manowari lakini yaficha bendera yake. Hupelekwa kwanza mashua moja yenye afisa wa kuiongoza, ili atazame hati. Shaka ikibaki, ndipo ukaguzi uendelee, tena kwa adabu yote. Shaka ikionekana haina msingi, na meli haikufanya jambo la kuileta, hulipwa fidia.

MIFANO MITATU

Wazee wetu wa pwani hawakuwa wageni wa mambo haya. Katika karne ya 19 manowari za Kiingereza ziliyasimamisha majahazi mengi katika bahari hii ya Hindi zikitafuta watumwa. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliruhusu ukaguzi wa vyombo vya chini ya tani 500 katika sehemu iliyotajwa ya bahari hii. Wenye majahazi wa Sur, katika Omani, walikuwa wamepata hati na bendera kutoka kwa Wafaransa, na Ufaransa haikukubali vyombo vyenye bendera yake vikaguliwe na Waingereza. Ugomvi ukakua mpaka ukafikishwa mbele ya waamuzi mjini The Hague, ambao walitoa hukumu mwezi Agosti 1905. Walisema kwamba kila nchi ina haki ya kuamua nani apeperushe bendera yake, ila Ufaransa ilikuwa imejifunga kwa ule mkataba wa Brussels. Kwa hiyo tangu mwanzo wa mwaka 1892 haikuwa na haki ya kuwapa bendera raia wa Sultani wa Maskati, isipokuwa wale waliothibitisha kwamba walikuwa chini ya hifadhi yake kabla ya mwaka 1863. Tena ruhusa ya bendera haikuweza kuhamishwa kwa mtu mwingine wala kwa jahazi jingine. Basi tangu zamani hizo swali lilikuwa moja: bendera ni ya kweli, au ni kivuli cha kujifichia?

Mfano wa pili ni wa karibu. Mwezi Januari 2006, maharamia wa Kisomali waliliteka jahazi la Kihindi liitwalo Safina Al Bisarat, wakawashika mabaharia wake. Manowari ya Marekani, Winston S. Churchill, ililifuata, ikapiga risasi za kuonya, likasimama. Watu kumi wakaletwa Mombasa kushtakiwa, na mahakama ikawahukumu kifungo cha miaka saba kila mmoja. Huko bahari kuu, uharamia ni kosa ambalo kila taifa lina ruhusa ya kulizuia, hata kama jahazi si lake, wala walioshikwa si raia wake.

Mfano wa tatu waonyesha upande mwingine. Mwezi Oktoba 1997, maafisa wa forodha wa Guinea, Afrika Magharibi, waliikamata meli iitwayo Saiga, yenye bendera ya Saint Vincent na Grenadines. Ilikuwa imeuzia vyombo vya uvuvi mafuta ya dizeli. Maafisa waliipiga risasi, watu wawili wakaumia vibaya, kisha mafuta yake yakapakuliwa mjini Conakry. Kesi ilifika katika Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari mjini Hamburg, Ujerumani. Tarehe 1 Julai 1999 mahakama iliamua kwamba Guinea ilivunja sheria. Haikuwa na haki ya kutumia sheria yake ya forodha katika sehemu ile ya bahari, haikutimiza masharti ya ufuatiaji, na ilitumia nguvu kupita kiasi, kwani ilipiga risasi bila kutoa kwanza ishara zinazotakiwa. Ikaamriwa kulipa fidia ya dola za Kimarekani 2,123,357 pamoja na riba.

Yafaa tuutafakari mfano huu. Mwenye kulipa fidia hiyo ni hazina ya nchi, na fedha za hazina ni kodi za watu. Afisa mmoja akiruka mpaka baharini, mkulima aliye bara huchangia kulipa.

MAJAHAZI NA WAVUVI WETU

Labda nahodha wa jahazi la Lamu au mvuvi wa Vanga atasema, "Mimi sina tani 500, basi sheria hizi hazinigusi." Ni kweli kwamba zile kanuni za mwaka 2004 hazikuandikwa kwa ajili ya vyombo vidogo. Lakini asidhani kwamba yu huru na ukaguzi wote. Katika maji ya nchi, sheria za Kenya zamgusa kila mwenye chombo, ikiwamo Sheria ya Usafiri wa Meli ya mwaka 2009. Mwaka 2018 Bunge lilitunga sheria ya kuunda kikosi cha walinzi wa pwani, ambacho kazi yake ni kulinda maji yetu dhidi ya magendo, dawa za kulevya, uvuvi wa wizi na uharamia.

Sababu yake yajulikana. Mwezi Aprili 2014 manowari ya Australia, Darwin, ililisimamisha jahazi nje ya pwani ya Mombasa, katika maji ya kimataifa. Ndani yake ilikutwa heroini ya zaidi ya tani moja. Sumu hiyo ilikuwa imepakiwa katika chombo cha namna ile ile inayobeba mikoko, tende na chumvi.

Kwa hiyo nawashauri wenye vyombo mambo machache. Sajilini vyombo vyenu, na hati zikae chomboni, si nyumbani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na chombo bila hati hugeuka mtuhumiwa kabla mwenyewe hajafungua kinywa. Andikeni majina ya mabaharia na orodha ya shehena. Msichukue mzigo wa mtu asiyetaka ufunguliwe. Mkipewa ishara ya kusimama na chombo cha Serikali, simameni. Kukimbia huzaa shaka hata pale ambapo hapakuwa na kosa. Afisa akipanda, mwombeni kitambulisho kwa adabu, mjibu aulizayo, na mwandike jina lake, tarehe, saa na mahali. Akichukua kitu, ombeni hati yake. Mkiona mmedhulumiwa, msigombane naye baharini, maana huko hakuna hakimu. Pelekeni malalamiko ufukoni, kwa wakubwa wake au mahakamani, pamoja na yale mliyoyaandika.

Kwa maafisa nao nina neno. Mamlaka mliyo nayo mmeazimwa na sheria, nayo sheria imeandika mahali yanapoanzia na mahali yanapoishia. Afisa anayemwomba mvuvi samaki ili amwachilie, au anayemshika siku nzima bila kumweleza sababu, hulifundisha jahazi la kesho kukimbia. Na jahazi la haki likizoea kukimbia, hamtaweza tena kulitofautisha na jahazi la magendo. Mvuvi anayewaamini ndiye atakayekuja kuwaambia kwamba usiku ameona chombo kisicho na taa kikishusha mizigo katika hori. Habari ya namna hiyo haipatikani kwa bunduki wala kwa rada.

Mabibi na Mabwana, bahari yetu ni pana, na maafisa ni wachache. Hawataweza kukagua kila meli na kila jahazi, wala sheria haiwataki wafanye hivyo. Yawataka watazame penye sababu, wasimame penye mpaka, na walipe penye kosa. Nasi raia yatutaka tuwe na hati zilizo safi, na ujasiri wa kusema tunapoona jambo baya, liwe limetendwa na mwenye magendo au na mwenye kofia ya Serikali. Pande zote mbili zikishika wajibu huo, ngano itashuka Kilindini kwa wakati wake, chai itapanda kwa wakati wake, na mvuvi atakwenda baharini usiku na kurudi kwake asubuhi kwa amani.